Kiapo Kilichomzuia Mkweli

Mwanafalsafa John Stuart Mill alikuwa mbunge wa Westminster kuanzia 1865 hadi 1868. Hakulelewa katika dini yoyote, na wasomaji makini wa vitabu vyake walijua kuwa si Mkristo. Hata hivyo alipoingia bungeni mwanzoni mwa 1866 alikula kiapo kama wenzake, kiapo ambacho siku hizo kilikuwa bado na maneno “kwa imani ya kweli ya Mkristo”. Akaketi, akachangia mijadala, na hakuna aliyesimama kumpinga. Mwaka 1880 Charles Bradlaugh, mkana Mungu wa waziwazi, alifika mbele ya meza ile ile akiwa na kura za watu wa Northampton mkononi. Wakati huo maneno ya Kikristo yalikuwa yamekwisha kuondolewa, likabaki ombi fupi la msaada wa Mungu. Bunge likamfungia mlango kwa karibu miaka sita.

Kwa jambo la imani wawili hao hawakuachana sana. Waliachana kwa sababu Bradlaugh aliandika barua gazetini kueleza anachofikiri juu ya kiapo. Ndiyo maana nashikilia kwamba, katika Uingereza ya Malkia Victoria, kiapo cha dini kilishindwa kabisa kumchuja mtu asiye na dini. Kilimchuja mtu asiyeweza kusema uongo. Historia nzima ya suala hili, tangu Wakatoliki hadi wakana Mungu, inasomeka vizuri zaidi mtu akilishika jambo hilo moja.

Kiapo chenyewe kilikuwa mabaki ya hofu za kale. Wabunge walitakiwa kuapa utii kwa mfalme, kukana mamlaka ya Papa, na kuwakana wazao wa nasaba ya Stuart waliokuwa wakikidai kiti cha enzi. Maneno ya imani ya Kikristo yaliwekwa humo na watunga sheria waliokuwa wakimwogopa Mkatoliki mwenye hila, atakayeapa huku moyoni amejiwekea mwanya wa kutoka. Wayahudi hawakuwamo katika fikra zao. Karne zilipopita, hofu ikafa lakini maneno yakabaki, yakaanza kuwanasa watu ambao hayakutungwa kwa ajili yao.

Mkatoliki alikuwa wa kwanza kuujaribu mlango. Daniel O'Connell alishinda uchaguzi mdogo wa Clare, Ireland, mwaka 1828, na ushindi huo ukaitia serikali hofu ya ghasia kiasi kwamba mwaka uliofuata Robert Peel, aliyekuwa Waziri wa Mambo ya Ndani, akaongoza kupitishwa kwa sheria ya kuwaruhusu Wakatoliki kuingia bungeni. Lakini sheria hiyo haikumgusa aliyechaguliwa kabla yake. O'Connell alipofika mezani Mei 1829 alipewa kiapo cha zamani. Alikisoma, akasema kina jambo analojua kuwa si kweli na jingine asiloliamini, akakirudisha. Ilimbidi arudi Clare akachaguliwe upya. Miaka minne baadaye Joseph Pease, wa jumuiya ya Kikristo ya Wakweka, alikataa kuapa kwa sababu imani yake inakataza viapo vya kila namna. Hii ni jumuiya ile ile iliyokuja kutia mizizi Kaimosi, magharibi mwa Kenya, kuanzia 1902, kwa jina la Marafiki. Bunge liliunda kamati, likapekua sheria, likamruhusu athibitishe utii wake bila kuapa. Suala la Pease lilimalizika kwa siku chache, na wepesi huo ni wa kukumbukwa: Bunge lilipotaka kumpokea mtu, lilijua pa kupitia.

Kwa Wayahudi halikutaka, au niseme nusu yake haikutaka. Lionel de Rothschild, mwenye benki, alichaguliwa na Jiji la London mwaka 1847. Baraza la Commons, wanamoketi wabunge wa kuchaguliwa, lilipitisha miswada ya kumfungulia njia mara kadhaa, na kila mara Baraza la Lords likaiangusha. Mwaka 1850 Rothschild alikwenda mezani, akaomba aapishwe kwa Agano la Kale, akatamka kiapo mpaka alipofika kwenye maneno ya imani ya Kikristo. Hapo akasema anayaacha kwa kuwa hayaifungi dhamiri yake. Akaambiwa atoke. Mwaka uliofuata David Salomons, mbunge wa Greenwich, alikwenda mbali zaidi: aliyaruka maneno yale, akaketi, akapiga kura. Mahakama ikampiga faini, maana sheria iliweka pauni 500 kwa kila kura iliyopigwa na mbunge ambaye hakuapa ipasavyo.

Mgogoro huo uliwagawa hata waliokuwa chama kimoja. Lord George Bentinck, kiongozi wa Wahafidhina waliopinga biashara huria katika Commons, aliunga mkono Wayahudi, akapoteza uongozi wake. Benjamin Disraeli, aliyezaliwa katika familia ya Kiyahudi na kubatizwa utotoni, alisimama Desemba 1847 akawaambia wenzake kwamba Mkristo anapaswa kumpokea Myahudi kwa sababu ya Ukristo wenyewe, uliotoka kwa Wayahudi. Wengi wa chama chake walichukizwa. William Gladstone, aliyekuwa ndiyo kwanza amechaguliwa na Chuo Kikuu cha Oxford, ngome ya Kanisa la Uingereza, alipiga kura kuwaunga mkono Wayahudi baada ya kuwapinga miaka ya nyuma, na wengi wa wapiga kura wake hawakufurahi. Mabadiliko yake hayo ndiyo yaliyomwandaa kwa vita ya miaka ya 1880.

Suluhu ya 1858 ilikuwa ya kubana pua. Kila baraza liliachiwa liamue lenyewe, kwa azimio, kama litamruhusu Myahudi kuacha maneno yale. Tarehe 26 Julai mwaka huo Rothschild aliketi, miaka 11 tangu kuchaguliwa kwake mara ya kwanza. Sheria ya Viapo vya Wabunge ya 1866 ndiyo iliyoyafuta maneno ya imani ya Kikristo kwa wabunge wote.

Ila sheria kufunguka ni jambo moja, na mioyo ya wakubwa kufunguka ni jingine. Hapa barua za siri zinatufaa kuliko hotuba. Mwaka 1869 Gladstone, sasa akiwa Waziri Mkuu, alipendekeza Rothschild apewe cheo cha kuketi katika Baraza la Lords. Malkia Victoria alimwandikia tarehe 1 Novemba kumjulisha kwamba hawezi kukubali Myahudi afanywe lodi. Gladstone hakuweza kumshinda. Mwana wa Rothschild, Nathan, ndiye aliyekuja kupewa cheo hicho, mwaka 1885. Bungeni hakuna aliyethubutu tena kusema waziwazi kwamba Myahudi hafai kutunga sheria, lakini kwenye karatasi iliyotoka kasri la kifalme kwenda kwa Waziri Mkuu neno hilo liliandikwa bila kificho. Ndiyo maana mtu akitaka kujua kiapo kililinda nini hasa, asiishie kwenye kumbukumbu rasmi za vikao. Mfalme au malkia aliandikiwa taarifa na kiongozi wa serikali katika Commons baada ya vikao, Spika na Waziri Mkuu waliandikiana kabla ya vikao, na humo ndimo watu walisema wanachokiogopa.

Bradlaugh alikuwa na mambo mengi ya kuogopewa. Alikuwa mtoto wa karani maskini wa London Mashariki, askari kwa muda, karani wa wakili, kisha mhadhiri wa hadhara aliyezunguka nchi nzima akihubiri kwamba hakuna hoja ya kumthibitisha Mungu. Alitaka ufalme uondolewe. Kijitabu chake dhidi ya nasaba ya Malkia kilisomwa na wafanyakazi wengi. Mwaka 1877 yeye na Annie Besant walishtakiwa kwa kuchapisha kitabu cha uzazi wa mpango. Mtu mmoja alibeba ukana Mungu, ujamhuri na mjadala wa kitanda cha ndoa, vyote bila kuficha hata kimoja. Alipochaguliwa Aprili 1880, pamoja na Henry Labouchere, na mji wa mafundi viatu wa Northampton, wapinzani wake walipata kila sababu waliyoitaka.

Tarehe 3 Mei alimwomba karani wa Bunge amruhusu athibitishe utii badala ya kuapa. Hoja yake ilikuwa ya kisheria. Sheria za ushahidi za 1869 na 1870 zilimruhusu asiyeamini kutoa tamko mahakamani, na Sheria ya 1866 ilitaja Wakweka pamoja na watu wengine walioruhusiwa na sheria kutoa tamko. Je, yeye hakuwa mmoja wao? Spika Henry Brand angeweza kuamua. Akaliachia Bunge. Kamati ikaundwa, ikagawanyika katikati, na kura ya turufu ya mwenyekiti ikamwangusha Bradlaugh. Mimi naona kosa kubwa la miaka sita yote lilitendeka hapo, katika unyamavu wa Spika. Suala lililohitaji uamuzi wa mtu mmoja aliyeijua sheria lilitupwa mikononi mwa wabunge wapatao 650 wenye vyama, wapiga kura na maaskofu wao.

Baada ya hapo Bradlaugh alisema ataapa. Lakini hakutaka mtu yeyote adhani amebadilika. Tarehe 20 Mei aliwaandikia wahariri wa magazeti akaeleza kwamba kiapo kina maneno ambayo kwake hayana maana, kwamba kwa kuwa sheria inamlazimisha atayatamka, na kwamba atajiona amefungwa na ahadi iliyo ndani yake sawasawa na kama angethibitisha tu. Barua ikachapishwa, na kesho yake alipokwenda mezani Sir Henry Drummond Wolff akasimama kupinga. Mtu aliyetangaza kwa maandishi kwamba maneno ya kiapo hayamgusi, alisema Wolff, hawezi kuapa.

Lord Randolph Churchill aliichukua kazi hiyo kwa furaha; siku chache baadaye alikitupa sakafuni kijitabu cha Bradlaugh juu ya nasaba ya Malkia na kukikanyaga. Churchill, Wolff na John Gorst, pamoja na Arthur Balfour aliyeambatana nao mara kwa mara, walikuwa kikundi kidogo cha Wahafidhina kilichokuwa kikitafuta silaha ya kumtesa Gladstone na kumwaibisha kiongozi wao wenyewe, Sir Stafford Northcote, waliyemwona mpole mno. Bradlaugh akawa silaha hiyo. Wapo waliompinga kwa uchungu wa kweli wa imani, na nawaheshimu. Ila mtu akifuatilia nani alisimama lini na alipata nini, ataona kwamba hasira ya kidini iliwashwa na kupulizwa na watu waliokuwa wakipiga hesabu za vyeo.

Mwezi Juni hoja ya Labouchere ya kumruhusu Bradlaugh athibitishe iliangushwa kwa kura 275 dhidi ya 230. Kesho yake Bradlaugh aliruhusiwa kuzungumza akiwa amesimama nje ya mstari wa ukumbi. Gladstone, mtu wa sala asubuhi na jioni ambaye mafundisho ya Bradlaugh yalimchukiza, alimwandikia Malkia na kuisifu hotuba ile kuwa ya msemaji aliyekomaa. Bradlaugh alikataa kuondoka, akafungiwa katika chumba ndani ya Mnara wa Saa, ule ambao dunia inaujua kwa kengele yake, akaachiwa siku iliyofuata. Tarehe 1 Julai Gladstone alipata azimio la kumruhusu kuthibitisha kwa hatari yake mwenyewe. Akaketi miezi kadhaa na kupiga kura, lakini kila kura ilikuwa mtego wa pauni 500. Henry Clarke alimshtaki kudai faini, na aliyetoa fedha nyuma yake alikuwa mbunge Charles Newdegate. Machi 1881 mahakama ikasema Bradlaugh hakuwa na haki ya kuthibitisha. Kiti kikawa wazi.

Northampton ikamrudisha Aprili hiyo hiyo. Agosti 3 alijaribu kuingia, watumishi wa Bunge na polisi wakamkokota ngazini mpaka uani, koti limechanika, huku wafuasi wake wakijaa nje. Alikuwa na nguvu za kuwaamuru wavamie, lakini aliwakataza. Februari 1882 alipenya hadi mezani, akatoa Agano Jipya mfukoni, akajiapisha mwenyewe. Wakamfukuza uanachama. Northampton ikamchagua tena, na tena mwaka 1884, na tena katika uchaguzi mkuu wa 1885. Mafundi viatu wale, wengi wao watu wa kanisa, hawakuwa wakipigia kura ukana Mungu. Walikuwa wakitetea haki yao ya kumchagua wamtakaye, na kila uchaguzi mdogo uliigeuza kesi ya mtu mmoja kuwa swali juu ya nani mwenye mlango wa Bunge: wapiga kura, wabunge waliomo ndani, au mahakama.

Mahakama ilitoa majibu ambayo hayakukaa pamoja kwa amani. Mwaka 1883 Baraza la Lords, likiwa mahakama ya juu, lilisema mtu binafsi kama Clarke hana haki ya kudai faini ile. Newdegate naye akapatikana na kosa la kuigharamia kesi ya mwingine. Bradlaugh alipomshtaki Gossett, Mpambe wa Bunge, mahakama ilijibu mwaka 1884 kwamba yanayotendeka ndani ya kuta za Bunge ni ya Bunge lenyewe, hata kama Bunge limeisoma sheria vibaya. Kisha katika kesi ya Mwanasheria Mkuu ikaamuliwa kwamba mtu asiyeamini kuwapo kwa Mungu hawezi kisheria kula kiapo hata akiyatamka maneno yote. Ukiziweka hukumu hizo pamoja, Bradlaugh hakuruhusiwa kuthibitisha kwa kuwa si mtu wa dini inayokataza viapo, na hakuruhusiwa kuapa kwa kuwa hana dini. Mpiga kura wake hakuwa na mahakama ya kukimbilia.

Njia ya haki ilikuwa kubadili sheria, na Gladstone aliijaribu. Hotuba yake ya tarehe 26 Aprili 1883 naihesabu miongoni mwa hotuba bora kabisa za Kikristo zilizowahi kutolewa katika bunge lolote. Aliwauliza wapinzani wake wanacholinda ni nini. Mlikwisha kuliondoa jina la Kristo kwa ajili ya Wayahudi, aliwaambia kwa maana hiyo, na sasa mnapigania Mungu mtupu, asiye na jina wala uhusiano na maisha ya mtu. Aaminiye mungu wa namna hiyo mnampokea, asiyeamini mnamfukuza. Akasema kosa kubwa la zama zake halikuwa kumkana Mungu waziwazi, bali kumkubali Mungu asiyejishughulisha nasi, akakariri beti za mshairi wa Kirumi Lucretius kwa Kilatini kuonyesha imani hiyo ilivyo. Akaonya kwamba dini inapofungwa kwenye jambo lisilo la haki, watu huanza kuidhania dini yenyewe kuwa dhuluma. Tarehe 3 Mei muswada ukaanguka kwa kura 292 dhidi ya 289.

Hizo kura tatu zinaumiza zaidi mtu akitazama waliozipiga. Wabunge wengi wa Ireland, Wakatoliki ambao baba zao waliingia kwa mlango aliouvunja O'Connell, walipiga kura ya kuufunga. Bradlaugh alikuwa amewatetea dhidi ya sheria kali za serikali huko kwao. Charles Stewart Parnell, kiongozi wao, mwenyewe alianza upande wake, kisha akageuka, kwa kuwa maaskofu walimpinga mkana Mungu na chama kilihitaji maaskofu. Waliofunguliwa jana walikuwa wamesahau upesi jinsi baridi ilivyo nje.

Mwishowe mlango ulifunguliwa na Spika mwingine. Arthur Wellesley Peel, mwana wa yule Peel wa 1829, alikalia kiti Januari 1886 mbele ya Bunge jipya. Sir Michael Hicks Beach, kiongozi wa serikali katika Commons, alikuwa amemwandikia kumtaka azuie kuapishwa kwa Bradlaugh. Peel aliwaeleza wabunge habari za barua hiyo, kisha akasema hana mamlaka ya kuingilia kati ya mbunge na wajibu aliopewa na sheria. Maazimio ya Bunge lililopita yamekufa pamoja na Bunge hilo. Kabla wabunge hawajaapa hakuna Bunge la kupiga kura juu ya kiapo cha mwenzao, wala si kazi yake kumhoji mtu moyo wake. Tarehe 13 Januari Bradlaugh akaapa, akasaini, akaketi. Hakuna sheria iliyokuwa imebadilika. Alichofanya Peel kingeweza kufanywa na Brand Mei 1880.

Mpangilio huo, wa Spika kuchaguliwa kwanza na kiapo kufuata, umerithiwa hata kwetu. Ibara ya 68 ya Katiba ya Tanzania inamtaka kila mbunge aapishwe kabla ya kushiriki shughuli za Bunge, ila inamruhusu kumchagua Spika kabla ya hapo. Katiba ya Kenya ya 2010 nayo imeweka kwenye jedwali lake kiapo na tamko sambamba, mtu achague. Waliodai hiari hiyo walikokotwa ngazini ili ipatikane.

Akiwa ndani, Bradlaugh aliandika na kuipitisha Sheria ya Viapo ya 1888, iliyomruhusu asiye na imani kuthibitisha bungeni na mahakamani. Alishughulikia pia mambo ya India kwa bidii, akahudhuria mkutano wa chama cha Congress huko Bombay mwishoni mwa 1889. Alipozikwa 1891, kijana Mohandas Gandhi, mwanafunzi wa sheria London, alikuwa miongoni mwa waliohudhuria. Siku tatu kabla hajafa Bunge lilikubali kulifuta katika kumbukumbu zake azimio la Juni 1880 lililomzuia kuapa na kuthibitisha. Ugonjwa ulikuwa umemzidi mno asiweze kuipokea habari hiyo.

Sheria yake, hata hivyo, iliacha kipande cha ukuta. Aliyetaka kuthibitisha alitakiwa kwanza aseme ni kwa nini: ama hana imani ya dini, ama imani yake inakataza viapo. Mamlaka yalibaki na haki ya kuuliza habari za moyoni, na aliyejibu alijitangaza mbele ya hakimu na watu wote. Sharti hilo liliondoka mwishoni mwa miaka ya 1970, na Sheria ya Viapo ya 1978 sasa humruhusu yeyote anayepinga kuapa athibitishe bila kuulizwa sababu. Sehemu ya pili ya kiapo, utii kwa mwenye taji, haijaguswa. Sheria ya 1866 bado inaweka pauni 500 na kupoteza kiti kwa anayeketi mjadalani au kupiga kura bila kuapa au kuthibitisha utii huo. Wabunge wa chama cha Sinn Féin, walioshinda viti saba katika uchaguzi wa 2024, huchaguliwa na watu wa Ireland Kaskazini lakini hukataa utii huo na hawaketi London. Wangeweza kuyatamka maneno na kutoyamaanisha, kama walivyofanya wengi kabla yao, na hakuna Spika ambaye angewazuia.